Bunduki ya Baba Imepata Sefu

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili alasiri, mwezi wa nane.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeshakusikia ukiitikia marahaba na kuuliza mbona nimekuwa kimya hivi. Habari za huko kwenye baridi? Kifua chako kinaendeleaje? Wifi alinitumia picha yako umevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, mikono imegoma kushuka, umesimama kama mtoto aliyevalishwa na bibi yake. Nilicheka, kisha nikakuonea huruma. Mwambie wifi akutafutie koti moja zito la kukufaa, maana hayo mawili yote yamekatwa vibaya mabegani. Mimi ni fundi wa nguo, naliona hilo hata kwenye picha.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako mgongo ulimsumbua kidogo, kwani kazi ya fundi bomba ni kushinda chini ya masinki ya watu, lakini sasa anainuka bila kuguna. Mpwa wako Kengele ameingia darasa la sita na jina lake bado linamfaa. Anaanza kuongea kabla hajafumbua macho, na mwalimu wake amemhamishia dawati la mbele ili, kwa maneno yake, angalau wamsikie vizuri. Anauliza Mjomba atakuja lini. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Baba anakula, analala, na miguu yake bado ni ya yule yule tuliyekuwa tukimkimbilia nyuma tukashindwa kumfikia. Kinachomtoka ni kile unachokijua. Kuna siku anaamka yuko nasi kabisa, anataja hadi majina ya majirani wa zamani. Kuna siku anamwamkia Kengele shikamoo.

Sasa niingie kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Tulipoongea kwenye simu mara ya mwisho uliniambia nimwache Mzee na bunduki yake, kwamba ndiyo heshima pekee aliyobaki nayo. Ukasema haina risasi, ni kama fimbo tu. Ukaongeza kwamba sisi wanawake tunaogopa chuma. Kisha simu ikakatika, na nashukuru ilikatika, kwa sababu nilikuwa nimebakiza kidogo tu nikuvunjie heshima. Barua humpa mtu nafasi ya kupoa. Basi nimepoa. Nisome mpaka mwisho, ndipo ukasirike ukitaka.

Siku ile sikuweza kukueleza yote kwa sababu Baba alikuwa ameketi pembeni yangu ananisikiliza. Nilikuambia tu kwamba amemtishia mtu. Hiyo ilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ni hii.

Asubuhi aliyomtishia mtu huyo, nilikuwa uani naanika mashuka. Shemeji yako alikuwa anatafuta spana yake stoo. Baba alikuwa kibarazani, mahali pake pa siku zote, nikajua ametulia. Akaja msoma mita wa maji, yule mwenye kitambi na miwani, ambaye kila mwezi hupiga hodi na kunitania kwamba mita yetu ina kiu kuliko sisi. Siku hiyo, kwa kumwona Mzee kama amesinzia, hakutaka kumsumbua. Akapita kimya kimya mpaka kwenye uzio, akachutama kwenye majani marefu, akafunua kifuniko cha mita na kuchungulia.

Wewe unamjua Baba kazi yake. Maisha yake yote porini amewinda wawindaji. Mtu aliyechutama majanini akiwa na begi begani, kwa macho ya Baba, ana jina moja tu: jangili.

Akainuka, akaingia ndani, akaitoa bunduki juu ya kabati, akatoka. Mimi sikusikia hata mlango. Nilichosikia ni sauti, Kaka, sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa wadogo akirudi doria na kuwaita wenzake. Alisema polepole, bila kupayuka: "Kaa chini. Mikono kichwani. Mwenzako yuko wapi?"

Nilizunguka kona ya nyumba shuka bichi likiwa begani. Msoma mita alikuwa ameketi kwenye majani, mikono kichwani, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Mdomo wa bunduki ulikuwa unamgusa shati.

"Mzee, mimi ni wa maji," alikuwa anasema. "Wa maji, Mzee wangu. Wa maji."

"Wote mnasema mlikuja kunywa maji," Baba akamjibu. "Pembe mmezificha wapi?"

Nikaita, "Baba!" Hakugeuka. Nikaita tena. Ndipo nikaelewa kwamba wakati ule hakuwa baba wa mtu yeyote. Alikuwa askari, kijana, porini, na sisi wengine tulikuwa hatujazaliwa. Kidole chake kilikuwa pale pale kwenye kifyatulio.

Sijui akili ile niliipata wapi. Nilisimama wima na shuka langu, maji yananichirizika mgongoni, nikatoa sauti nzito kadiri nilivyoweza: "Afande! Zamu yako imekwisha. Nimekuja kukupokea."

Akanitupia jicho. "Umechelewa."

"Samahani, afande. Gari liliharibika njiani."

Akafikiri. Kaka, sijawahi kumsubiri mtu afikiri kama nilivyosubiri pale. Kisha akashusha mtutu, akaifungua bunduki, akachomoa risasi, akaniwekea kiganjani. Akanikabidhi bunduki kwa kunitangulizia kitako, kama alivyofundishwa. "Huyu mpe maji kabla hujampeleka," akasema. "Ana kiu." Akarudi kibarazani, akaketi, akaniuliza mbona chai imechelewa.

Ile risasi, Kaka, ilikuwa ya kweli, nzima, inang'aa. Mpaka leo hatujui aliiweka wapi miaka yote hiyo. Sisi sote tulikuwa tukiambizana kwamba fimbo ile haina kitu.

Msoma mita alikunywa maji, akairudisha miwani machoni. Kisha akasema, kwa upole, kwamba hili hawezi kulinyamazia, ana watoto. Nikamwambia ana haki, na kwamba nitakwenda naye mwenyewe. Nikavaa viatu. Shemeji yako akaizungushia bunduki shuka lile lile bichi, tukaongozana watatu mpaka kituo cha polisi. Jirani zetu walidhani tunapeleka maiti ya nyoka.

Najua hapo umekunja uso. Umesema moyoni: amempeleka Baba polisi. Nimeipeleka bunduki. Baba alibaki nyumbani na mama jirani, anakunywa chai yake.

Afisa wa vibali vya silaha ni mwanamke wa makamo, mwenye macho ya kuchoka na masikio yasiyochoka. Alitusikiliza wote mpaka mwisho. Msoma mita naye, aliposikia Baba ni nani na ana nini, akasema hataki mzee ashitakiwe, anachotaka ni kwamba akija tena kusoma mita asome mita. Afisa akaichukua bunduki na risasi, akaandika, akatuambia silaha ile haiwezi kurudi chini ya jina la Baba. Nikamwambia, kwangu mimi isirudi kabisa.

Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote. Kilichonibadilisha ni Baba mwenyewe.

Alianza kuitafuta siku iliyofuata. Kwanza juu ya kabati, kisha chini ya kitanda, kisha ndani ya godoro, akalipasua kwa mkasi wangu wa kitambaa. Akachimbua maua yangu yote mbele ya nyumba. Akamshika Shemeji yako shati, akamwambia ameiuza. Shemeji yako, mtu asiyeweza kuuza hata bomba lililotoboka, akabaki amesimama tu anatazama viatu vyake. Tukimweleza Baba kwamba iko kituoni, anakubali, anashukuru, na kabla chai haijapoa ameanza upya. Mwishowe akatoka nyumbani bila sisi kujua. Muuza magazeti alimkuta mbali barabarani, katikati ya magari, anauliza njia ya kwenda makao makuu kujisalimisha kwa kupoteza silaha.

Daktari wake ndiye aliyenifungua macho. Alisema, "Mama, huyu hatafuti kitu cha kupigia. Anatafuta kitu alichokabidhiwa." Nikakumbuka alivyokuwa akituambia kwamba katika kazi yao mtu angeweza kupoteza buti, kofia, hata kidole, lakini aliyepoteza bunduki alikwenda jela. Kwa hiyo kila asubuhi Baba wetu alikuwa anaamka mtu wa kwenda jela. Daktari akaniuliza kama ingewezekana aione kwamba ipo, imefungwa mahali salama, na mwenye dhamana ni mwingine.

Nikarudi kwa afisa. Tulivutana kidogo, na yeye alikuwa na haki ya kuvuta. Mwishowe akatoa masharti. Kibali kihamie kwa Shemeji yako, baada ya kupimwa na kufundishwa kama mtu yeyote. Fundi wa silaha wa kituoni aitoe ile sindano ya ndani inayogonga risasi, ili bunduki isiweze kupiga tena. Risasi isiingie kabisa nyumbani kwetu. Na juu ya yote, sefu ya chuma iliyofungwa ukutani, atakayokuja kuikagua yeye mwenyewe.

Shemeji yako akauliza, kama haipigi, sefu ya nini? Nikamwambia, msoma mita wa watu akielekezewa mtutu hatajua kwamba haina sindano. Moyo wake utasimama vile vile. Na polisi anayepita barabarani akimwona mzee ana bunduki, yeye yake ina sindano.

Hapo ndipo nilipoanza kazi ya kutafuta sefu, na nataka nikuhadithie maana peke yangu nimeicheka vya kutosha.

Kwanza nilikwenda kituoni na futi yangu ya kushonea, nikaipima bunduki toka mdomo hadi kitako, upana wake penye kifyatulio, na unene wake. Yule askari wa ghala akaniuliza kama naishonea suti. Nikamwambia ndiyo, ya chuma.

Duka la kwanza lilikuwa la samani za ofisi. Muuzaji alinionyesha sefu nzuri, nyeusi, nzito, fupi kama stuli. Nikafungua futi yangu, nikamwonyesha kwamba bunduki ingetoka nje kuanzia kiunoni. Akashika kidevu, akaniuliza, "Haiwezi kukunjwa?" Nikaaga.

Duka la pili walikuwa nayo ya kimo chenyewe, ya mbao iliyong'arishwa, mlango wa kioo. Kioo, Kaka! Muuzaji akaniambia wateja wake wanapenda wageni waione. Nikamwambia mimi nimekuja kwa sababu mgeni alishaiona.

La tatu lilikuwa la chuma, nikafurahi. Shemeji yako, aliyekuwa amenisindikiza akiwa na nguo zake za kazi, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe. Akaingiza kucha pembeni ya mlango, akavuta kidogo, mlango ukapinda tukaona ndani. "Hili ni kabati la sare za shule," akasema, na muuzaji akakasirika kwelikweli, kisha akatupeleka kwenye nyingine, ghali, nene, inayofunguka kwa alama ya kidole. Akasema hakuna wizi, hakuna funguo, ni kidole cha mwenye mali tu. Shemeji yako akaweka kidole. Mashine ikalia, ikakataa. Akajifuta kwenye suruali, akaweka kingine. Ikakataa. Kazi ya mabomba imemsaga ncha za vidole mpaka zimekuwa laini kama kijiko. Muuzaji akamwangalia kwa wasiwasi, kana kwamba ameletewa mzimu. Tukatoka nimeshika mbavu kwa kicheko, ingawa yeye hakucheka sana.

Nilianza kuchoka, na Shemeji yako akaanza yale maneno yake ya tungoje mwezi ujao. Nikamwambia Baba hangoji mwezi ujao, Baba anachimba maua leo. Tukaendelea.

Tuliipata kwenye duka la vifaa vya walinzi, nyuma ya soko la mbao. Muuzaji ni mama mmoja mrefu, anauza huku anakula karanga, na hakunionyesha kitu mpaka aliponiuliza swali ambalo wale wengine wote hawakuniuliza: "Unamzuia nani asifungue? Mwizi, au mtu wa nyumbani?"

Jibu lake lilikuwa gumu kulitoa mdomoni. "Wa nyumbani," nikasema. "Baba yangu."

Akaacha karanga. "Basi ya ufunguo usichukue. Ufunguo ni kitu, na kitu hutafutwa kikaonekana."

Nikaona anasema kweli. Baba huyu huyu aliyekuwa akimtambua mtu kwa alama ya kisigino, ufunguo uliofichwa ndani ya nyumba yetu ndogo utamshinda? Biskuti za Kengele zenyewe, ninazoficha kila mara mahali papya, huzikuta kabla ya mwenye biskuti.

Tukachagua ya gurudumu la namba, la kuzungusha kwa mkono, lisilotumia betri wala umeme. Mlango ni mnene kama kidole gumba changu, bawaba zimefichwa kwa ndani, na ukizungusha mkono wa mlango unasikia vyuma vinne vinaingia kwenye fremu kwa mpigo mmoja. Nyuma ina matundu ya bolti za kuifunga ukutani. Nikaingiza futi ndani, nikapima, ikabaki nafasi ya kiganja. Yule mama akaniasa nisiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa ukoo, wala namba ya Baba ya kazi, kwa sababu wazee hupoteza ya jana wakabaki na ya zamani. Nimeweka namba ninayoijua mimi na Shemeji yako peke yetu. Wewe sikutajii, na usijisumbue kubahatisha. Bei iliuma, tukaimudu, na siandiki kukuomba kitu.

Siku ya kuileta, wachukuzi waliibeba wakihema mpaka mlangoni, na nani aliwasimamia? Baba. Alikuwa na siku nzuri. "Inueni kwa magoti, si kwa mgongo! Wewe wa nyuma, unabeba au unasindikiza?" Wakamtii kuliko walivyonitii mimi.

Tumeiweka ukutani kwenye ukumbi mwembamba, hatua chache kutoka mlango wa chumba hiki, ili nikiwa kwenye cherehani niione, na Baba akipita kwenda kibarazani aione. Shemeji yako akakodi mashine ya kutoboa, akapima, akaweka alama, akatuambia sote tukae mbali kwa sababu hii ni kazi ya kitaalamu. Akatoboa. Maji yakamruka usoni. Fundi bomba wa mtaa mzima alikuwa ametoboa bomba alilolipitisha mwenyewe ukutani! Kengele alipiga kelele za furaha mpaka majirani wakaja, na Baba alicheka mpaka akaketi sakafuni. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu Mama atutoke. Kwa ajili ya kicheko kile tu, maji yale yalistahili kumwagika. Tuliziba, tukaisogeza kando kidogo, ikafungwa. Afisa alipokuja aliitikisa kwa mikono yote miwili, akaegemea kwa bega, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bunduki ikarudi.

Sasa naomba hapa usome taratibu.

Jioni ile Baba alikuwa nasi kabisa. Aliwaomba wengine watupishe, abaki na mimi peke yangu. Akaketi kwenye kiti cha wateja wangu, bunduki imelala mapajani, imefunguliwa, tupu. Akaniuliza, "Nilimfanya nini yule mtu wa maji?"

Nikataka kumwambia, hukumfanya kitu, Baba.

"Nambie kweli," akasema. "Kila mtu humu ndani ananiangalia kama yai."

Nikamwambia. Mwanzo hadi mwisho, hata ile habari ya kiu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akabaki anapangusa mtutu kwa kipande cha kitambaa alichokiokota chini, anapangusa mahali pale pale.

"Angekuwa ni Kengele?" akaniuliza.

Hakungojea jibu. Akasimama, akaenda mwenyewe mpaka kwenye sefu, akaiweka bunduki ndani, akarekebisha isiegemee vibaya, akafunga mlango, akazungusha mkono. Vile vyuma vikaingia. Akalizungusha na gurudumu mara kadhaa kulivuruga, kisha akajaribu kufungua, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kweli. Haikufunguka. Akanigeukia.

"Namba unayo wewe?"

"Ninayo."

"Usinipe."

"Sawa, Baba."

"Hujanisikia. Nikikuomba, usinipe. Nikikuamuru, usinipe. Nikikulilia, usinipe. Nitakuja, mwanangu. Najijua. Nitakuja na maneno mazuri sana. Usinipe."

"Sikupi, Baba."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili kama alivyokuwa akitushika tukiwa na homa, akaenda kula.

Na amekuja, Kaka. Alhamisi hii iliyopita, mchana, nikiwa nashona gauni la bibi harusi. Alisimama mbele ya sefu ameshavaa buti. Akasema, "Fungua, nina zamu." Nikajaribu ule ujanja wangu wa kwanza, nikamwambia afande ghala limefungwa leo. Safari hii haukufanya kazi. Akaniamuru. Nikasema sikupi. Akaniomba kwa upole, akaniambia mimi ndiye mtoto aliyemtegemea kuliko wote. Nikasema sikupi, Baba. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na nimeingiaje humu ndani. Akaipiga sefu kwa viganja mpaka vikawa vyekundu, halafu akaweka paji la uso wake kwenye mlango ule, akalia kama alivyosema atalia.

Mimi nami nililia. Machozi yaliangukia gauni la watu, ikabidi nilifue upya. Lakini sikuinuka kwenye kiti. Ningeinuka ningefungua, najijua na mimi.

Baadaye alitulia, akavua buti, akaniuliza gauni lile ni la nani, akasema mkono wangu ni mzuri.

Basi hivyo ndivyo tulivyo. Hachimbui tena maua. Kila akipita ukumbini anagusa ule mkono wa mlango, anauona umefungwa, anaendelea na safari yake. Barabarani hajatoka tena. Msoma mita alikuja juzi, akapiga hodi kuanzia nje ya geti kwa sauti ya mnada, na Baba akamkaribisha chai.

Sasa nije kwako. Siku moja utapiga simu na Baba ataichukua. Atakuambia dada yako amenidhulumu, amenifungia mali yangu, nimekuwa mfungwa kwa mtoto niliyemzaa. Atayasema vizuri, kwa sauti ile unayoipenda, na wewe uko mbali, utaumia. Utataka kuniambia nimfungulie mara moja tu aishike. Usiniambie, Kaka. Wewe ni mkubwa wangu na kwa mambo mengine nitakutii kama siku zote, lakini kwa hili nimeshaagizwa na aliye mkubwa kuliko sisi wote wawili, alipokuwa na akili zake timamu, na neno lake la siku ile nalishika kuliko lako na kuliko lake la siku nyingine yoyote. Mwambie tu kwamba bunduki ipo, umeambiwa ni nzima, na zamu yake aliimaliza vizuri. Ukiweza kumwambia hivyo bila kulia, mwambie kila unapopiga.

Nisalimie wifi, mwambie yale mashuka ya maua aliyoagiza yako tayari. Wabusu watoto, uwaambie Shangazi anawashonea nguo kwa kubahatisha vipimo, kwa hiyo wapunguze kukua. Shemeji yako anakusalimu sana na anakuomba habari za lile bomba usizitangaze. Kengele ameniamuru niandike salamu zake mara mbili: salamu, salamu. Na Baba, nilipomwambia nakuandikia, amesema uvae vizuri.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya ya kifua na usingizi mtulivu, na siku ya kuja kwako akukutanishe na Baba akiwa anakujua.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana, na katika hili sibadiliki,

Dada yako wa cherehani.